Kitengo cha Watu Wanne

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, kazini wametuletea programu ya afya ya akili kwenye simu. Nijaze au niwapige chenga?" Nilisoma nikiwa kwenye mwendokasi, nimebanwa mlangoni tangu Kimara, nikacheka peke yangu.

Mimi nilijaza. Saa nane usiku, umeme umekatika, feni kimya, nimelala chali nawaza simu za wateja. Programu ikaniuliza yale maswali tisa ambayo hata madaktari huyatumia: wiki mbili zilizopita umekosa usingizi mara ngapi, umejiona hufai mara ngapi. Kila jibu alama 0 hadi 3. Nikapata 16 kati ya 27, na 10 tu zinatosha kukupeleka kwa daktari. Mke wangu alikuwa hajui, simu ikamtangulia. Nisiikane, mazoezi ya kupumua yalinisaidia. Baada ya wiki tatu nilikuwa nalala mpaka adhana ya alfajiri.

Kisha kikao cha Jumatatu. Meneja akaweka ripoti ukutani: "Nusu ya kitengo hiki wamelemewa." Akasisitiza haina majina. Jamani, tulikuwa wanne! Mwenzangu mmoja akaniangalia, akainamia daftari lake. Mwezi uliofuata nikaondolewa kwenye mradi niliouanzisha kwa mikono yangu, eti nipumzike. Idadi ya simu za kupokea kwa siku haikupungua hata moja. Bado inaniuma, sifichi.

Kwa hiyo, dada, uliza kwanza nani anasoma majibu, na ripoti inajumlisha watu wangapi. Uliza kwa maandishi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya zinahesabiwa humo kuwa nyeti. Ukizidiwa, nenda kwa daktari. Sheria ya ajira inakupa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, ukiwa na cheti. Haikuandikwa kwa ajili ya malaria peke yake! Sisi watu wa Dar tunapenda kujifanya chuma, tunaanguka ndipo tunasema. Tuache. Na narudia: uliza nani anasoma.

Ile ya ofisini niliifuta. Ninayotumia sasa nailipia mwenyewe kila mwezi, na barua pepe niliyojisajilia ofisi haiijui.