Bastola ya mtumba inayong'aa kama mpya: ninunue?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa tumbaku na asali, niko Kaliua. Msimu wa masoko ukifika natembea na fedha nyingi, kwa hiyo mwaka huu nimeanza kuomba leseni ya bastola. Kuna familia Tabora mjini inauza bastola ya marehemu baba yao, Browning Hi-Power ya milimita 9. Mzee alifanya kazi Kigoma miaka mingi kabla ya kustaafu. Tangu arudi Tabora imekaa sandukuni, ndani ya mkoba wake wa ngozi, magazini ikiwa imejaa risasi. Wanasema hakuitumia kabisa. Nimeonyeshwa picha, inang'aa kama imetoka dukani jana. Wanataka shilingi milioni mbili na nusu. Nitajuaje kama ni nzima, na bei hiyo ni ya haki? Rafiki yangu ananishauri niachane nayo nitafute bastola ya Makarov.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela.

Nianze na karatasi, maana zikikwama hizo, uzima wa bastola hautakusaidia kitu. Leseni ya silaha ni ya mtu, haiuzwi pamoja na bastola wala hairithiwi na watoto. Mzee alipofariki, bastola ilipaswa kuwa mikononi mwa polisi, ikisubiri msimamizi wa mirathi na mtu mwenye kibali halali cha kuichukua. Kama bado iko sandukuni nyumbani pamoja na risasi zake, familia hiyo imekaa na hatari bila kujua. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nia njema haitawaokoa. Waambie waende kituoni kwanza wakiwa na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, bastola ibaki ilipo, askari wawaelekeze namna ya kuifikisha. Wewe usiishike, usiibebe, wala usitoe kishika uchumba. Leseni yako ikitoka, na uhamisho ukiidhinishwa, ndipo fedha zitembee.

Na unapokwenda kuikagua, ikaguliwe huko huko kituoni au kwa muuzaji mwenye leseni, mbele ya askari au mtunza ghala la silaha. Mimi hukataa kabisa kukagua bastola sebuleni kwa mtu.

Jambo la kwanza ni namba. Kwa Hi-Power za zamani namba ya usajili imegongwa kwenye fremu, yaani mwili wenye mpini, na mara nyingi kwenye slaidi, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma, na mtutu pia. Namba ya fremu ilingane na iliyo kwenye leseni ya marehemu, tarakimu kwa tarakimu. Ya slaidi au mtutu ikitofautiana, maana yake kipande kilibadilishwa, na hilo lina maelezo yake. Namba ikiwa imekwaruzwa au imesuguliwa hadi inasomeka kwa shida, ondoka. Hapo hakuna bei ya kujadili.

Sasa nije kwenye huo mng'ao, kwa sababu ndio uliokuvuta, na ndio unaonitia wasiwasi. Hi-Power ilianza kutoka kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935. John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926, Dieudonné Saive akaimaliza. Bastola ya zamani iliyokaa kando ya Ziwa Tanganyika, kisha ikalala miaka ndani ya ngozi, haitegemewi kung'aa. Ngozi hunyonya unyevu na hubaki na chumvi za kusindikia, kwa hiyo chuma kilichofungiwa humo hula kutu upande ule ule kilipogusana na ngozi. Kama bado inang'aa, kuna mawili: ama mzee alikuwa mtunzaji wa kweli, akiitoa na kuipaka mafuta kila mara, ama mtu ameisugua na kuipaka rangi upya. Angalia maandishi ubavuni mwa slaidi. Herufi za kiwandani zina kingo kali. Zilizopitiwa na msasa huwa zimelegea, nyingine zimefifia upande mmoja, na kona za slaidi zimekuwa mviringo. Chini ya rangi mpya utaona vishimo vidogo vidogo, kwa sababu rangi hufunika wekundu wa kutu lakini haijazi shimo.

Kupakwa rangi upya peke yake si kosa. Lakini ukiona hivyo, jiulize ni nini kilikuwa kinafichwa, na uhamishe macho yako kutoka nje kwenda ndani. Bastola nyingi nzuri nilizowahi kushika zilikuwa zimechakaa kwa nje, rangi imetoka mdomoni na kwenye mpini kwa sababu ya kuchomolewa na kurudishwa mkobani. Uchakavu huo unashusha bei na haugusi uzima.

Kabla ya kufungua chochote: magazini itoke, slaidi ivutwe nyuma, chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, iangaliwe kwa macho na kuguswa kwa kidole, halafu irudiwe tena. Risasi zote zitoke nje ya chumba hicho. Hata kama askari aliyekukabidhi amekuhakikishia, rudia mwenyewe mbele yake. Hatachukia, hivyo ndivyo alivyofundishwa na yeye.

Mwombe fundi au mtunza ghala aifungue. Mtutu ukiwa nje, uelekeze kwenye mwanga na utazame kupitia ndani. Utaona mifereji inayozunguka, ile inayoipa risasi mzunguko. Inapaswa kuwa na kingo zinazoonekana wazi. Kijivu kidogo na ukungu wa mafuta ya zamani husafishika. Vidonda vya kutu havisafishiki. Mara nyingi hivyo hutokana na risasi za kijeshi za zamani, ambazo fataki yake, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na mtutu usiposafishwa kwa maji ya moto siku ile ile, kisha ukakaushwa na kupakwa mafuta, huanza kuliwa. Hewa ya Kigoma wakati wa masika inaimaliza kazi hiyo upesi. Vidonda vichache havizuii bastola kufanya kazi, ila vinakuambia kwamba ile hadithi ya "hakuitumia kabisa" si kamili. Kitu cha kukataa palepale ni pete nyeusi inayozunguka ndani ya mtutu. Pete hiyo ni uvimbe: siku moja risasi ilikwama, nyingine ikapigwa nyuma yake.

Halafu geuza mtutu uangalie mgongo wake. Hapa ndipo ningetumia muda wangu mwingi kama ningekuwa wewe. Kuna meno mawili yanayoingia kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya slaidi. Risasi inapolipuka, meno haya hushika mtutu na slaidi pamoja, virudi nyuma kidogo kama kitu kimoja hadi risasi iwe imetoka na shinikizo limeshuka. Ndipo sehemu ya chini ya mtutu inauvuta ushuke, slaidi iachiane nao na kuendelea nyuma yenyewe. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa risasi ya 9x19, ambayo ndiyo ya Hi-Power hii, ni baa 2,350, wakati tairi ya gari dogo hujazwa kwa baa mbili hivi. Yote hayo yanabebwa na meno mawili madogo. Kingo zake ziwe kali na za mraba. Zikiwa zimelala, zimepondeka au zimekuwa mviringo, bastola hiyo imepigwa sana au imepigwa risasi zenye nguvu kupita kiasi. Angalia pia mifereji ndani ya slaidi, kwa sababu wakati mwingine mtutu umebadilishwa, slaidi ikabaki ile ile iliyochoka. Kisha safisha fremu kwa kitambaa kikavu na utafute ufa, hasa kuzunguka tundu la pini ya kuzuia slaidi na kwenye reli. Tumia miwani ya kukuzia. Ufa huanza mwembamba kama unywele na hujaa mafuta meusi.

Ikishafungwa tena, sukuma mtutu kwa kidole gumba kutoka juu pale kwenye chemba. Usishuke. Kucheza kidogo kwa slaidi kulia na kushoto kusikutishe, ni kawaida kwa bastola ya umri huu.

Majaribio ya kifyatulio yafanyike bila risasi, mdomo ukielekea mahali salama. Hapa wanunuzi wengi wa Hi-Power hudanganyika: bila magazini ndani, haifyatuki. Ilitengenezwa hivyo makusudi kwa usalama, si ubovu. Weka magazini tupu. Vuta nyundo nyuma, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, jino linaloishika limeisha, na bastola hiyo ni hatari kwa mwenye nayo kuliko kwa jambazi. Weka sefti, yaani kizuizi cha usalama, bonyeza kifyatulio kwa nguvu, kiachie, kisha toa sefti: nyundo ibaki pale pale. Halafu bonyeza kifyatulio, nyundo ianguke. Endelea kukibonyeza huku ukivuta slaidi nyuma na kuiachia. Nyundo isianguke mpaka ukiachie kifyatulio na kukibonyeza upya. Bastola inayoshindwa hapo inaweza kumwaga risasi mfululizo bila wewe kutaka.

Uliniambia magazini ilikaa imejaa miaka mingi, na najua watu husema springi hufa hivyo. Springi nzuri huchoka zaidi kwa kubanwa na kuachiwa mara kwa mara kuliko kwa kubaki imebanwa. Lakini hata ikiwa imelegea, hilo ni jambo dogo: springi na magazini ni vitu vya kubadilisha, na magazini za Mec-Gar za Italia zinaiingia vizuri. Ningebadilisha springi zote hata kama zinaonekana nzima. Zile risasi za mzee zisitumike, zibaki polisi. Hujui zimekaa katika joto na unyevu wa namna gani. Risasi isiyolipuka wakati maisha yako yako hatarini ni mbaya kuliko kutokuwa na bastola, kwa sababu ulishaitegemea.

Kabla ya kulipa yote, omba ipigwe risasi hamsini mpya kwenye uwanja ulioruhusiwa na polisi, kwa magazini zote mbili kama zipo. Okota maganda. Alama ya pini inayogonga risasi iwe katikati ya fataki na iwe na kina. Maganda yasivimbe wala kupasuka, na yaruke upande mmoja kwa mpangilio. Yakianza kukwama, chunguza kwanza magazini, kisha ndoano inayovuta ganda. Zilizotengenezwa kabla ya mwanzo wa miaka ya 1960 zina ndoano ya ndani, ambayo kipuri chake ni kigumu kupata. Za baadaye ndoano huonekana kwa nje, upande wa kulia wa slaidi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua yenye ndoano ya nje.

Sasa bei. Siwezi kukuambia milioni mbili na nusu ni ya haki au si ya haki kabla bastola haijafunguliwa, na fundi yeyote atakayekujibu kwa kutazama picha anakubahatishia. Nitakupa namna ya kuifikia. Ulizia kwa muuzaji mwenye leseni bei ya bastola nyingine ya 9x19 iliyotumika na iliyokaguliwa, hicho ndicho kiwango chako cha juu. Toa gharama ya springi, magazini mpya, kazi ya fundi na risasi za majaribio. Toa tena kwa sababu ya vipuri: FN walisitisha utengenezaji wa Hi-Power hii mwaka 2018, na ile waliyoitoa mwaka 2022 kwa jina hilo hilo ni bastola nyingine, vipande vyake haviingiliani. Ikiwa meno yamelala au fremu ina ufa, usipunguze bei. Acha kununua. Na wakikuambia ni ya kale, wakusanyaji wa Ulaya wanazilipia sana, huenda ni kweli, lakini wewe hununui ili umuuzie Mzungu. Usilipie thamani ambayo huwezi kuiuza Tabora.

Kuhusu Makarov, rafiki yako ana hoja nusu. Ni bastola rahisi kuliko hii: mtutu umefungwa moja kwa moja kwenye fremu, hauna meno ya kuchakaa, na ya mtumba hukaguliwa upesi. Hubeba risasi 8, Hi-Power 13. Tatizo ni chakula chake. Hutumia 9x18, na watu wakisikia "milimita tisa" hudhani ni risasi moja. Ya Makarov ni fupi na nene zaidi, haibadilishani na 9x19 kwa namna yoyote. Hata neno "Browning" limegongwa kwenye bastola ndogo za zamani zinazotumia risasi za milimita 7.65, kwa hiyo soma mtutu wenyewe, usisikilize maneno ya muuzaji. Kabla hujachagua kati ya hizi mbili, pita kwenye duka lenye leseni utakalokuwa unanunua risasi na uulize ni zipi wanazo siku zote, si zipi wanaweza kuagiza. Kama ni 9x19 tu, Makarov isahau, hata ukipewa kwa nusu ya bei.