Wasomaji Wanauliza: Presha Tatu, Madaktari Watatu

Habari za kazi. Nina miaka 52, niko Morogoro. Nikiumwa naingia hospitali yoyote iliyo jirani. Mwaka huu nimepimwa presha sehemu tatu: 158/96, 134/84 na 149/92. Daktari mmoja kaniandikia dawa, mwingine kasema sina tatizo. Nimsikilize nani? Na nitampataje daktari wa kudumu?

Kabla ya kuuliza nani mkweli, tuulize namba hizo zilipatikanaje. Mtu akitoka stendi kwa miguu, akafika mapokezi na kuvishwa mkanda papo hapo huku anajieleza, mashine itasoma uchovu wa safari.

Upimaji wenyewe uko hivi. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, usikunje nne. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, siyo juu ya shati. Upimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa. Ule mdogo humpa namba kubwa kuliko aliyo nayo, na wapo wanaomeza dawa kwa kosa hilo tu.

Ikiwa vipimo vya namna hiyo, vya siku mbili tofauti, vimeonesha 140 na kuendelea kwa namba ya juu, au 90 na kuendelea kwa namba ya chini, hapo una ugonjwa wa presha. Namba zako mbili kati ya tatu zimefika huko, kwa hiyo rudi ukapimwe vizuri wiki hii. Kama dawa umeshaanza, usiziache kwa uamuzi wako. Nenda nazo mkononi. Ikisoma 180/110 au zaidi, usisubiri siku ya pili, mwone daktari siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kulegea upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura.

Sasa daktari. Kwa ugonjwa wa presha usio na matatizo mengine huna haja ya kuanza na bingwa wa moyo. Chagua kituo cha afya au hospitali ya wilaya ambayo nauli yake utaimudu kila mwezi, kwani daktari mzuri wa mbali utamwacha mwezi wa tatu. Jua pia unaongea na nani. Sisi humwita kila mtu “dokta”, lakini tabibu amesoma stashahada ya miaka mitatu, na daktari amesoma chuo kikuu miaka mitano, akaongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Tabibu makini anakufaa sana kwa ufuatiliaji, mradi anajua lini akupe rufaa. Ukiwa na shaka na daktari, uliza namba yake ya usajili. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili na kutoa leseni.

Halafu mwangalie kazini. Je, ameuliza dawa unazotumia, pamoja na mitishamba na zile ulizonunua duka la dawa? Amekuandikia namba ya presha yako, au kasema tu “iko juu kidogo”? Amekupa tarehe ya kurudi? Ukiona mahali kila mwenye homa anatoka na taifodi kwa kipimo kimoja cha Widal, hama. Kipimo hicho husoma kinga mwilini, na kinga hiyo huweza kubaki muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani. Uthibitisho ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe, kituo, presha, jina la dawa na miligramu zake, na dawa zinazokudhuru. Ukilazimika kutibiwa kwingine, daftari hilo litakusemea.

Nina miaka 38, Tanga. Nesi ananihimiza nipime saratani ya mlango wa kizazi, nami sina dalili yoyote. Kuna maumivu? Na binti yangu wa miaka 11?

Kukosa dalili ndiyo wakati wenyewe, dada. Seli huchukua miaka mingi kubadilika hadi kuwa saratani, na katika muda huo zinatibika kirahisi. Nenda ukiwa huna hedhi. Utawekewa spekulamu (kifaa cha kufungua uke ili mlango wa kizazi uonekane), utapakwa siki hafifu, kisha nesi atasubiri dakika moja: sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Utahisi kubanwa na pengine kuwashwa kidogo. Weupe huo peke yake hauna maana kwamba ni saratani. Mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kipimo huanza miaka 30, na kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi miaka 25, tena kwa kurudiwa mapema zaidi.

Binti achanjwe. Chanjo ya HPV, yaani virusi vinavyoleta saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Akichanjwa, bado atapima akifika umri.

Nina miaka 27, Dodoma, naumwa mara chache. Ninunue kifurushi cha kupima mwili mzima?

Hapana. Pima presha, virusi vya Ukimwi na homa ya ini B. Ukiwa huna homa ya ini, chanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Dozi ya tatu ndiyo watu huisahau, basi iandike kwenye simu leo. Sukari pima kama una uzito mkubwa au mzazi wako anayo: asubuhi, ukiwa umekaa muda wa saa nane bila kula. Ikisoma 7.0 au zaidi (kwa mmol/L), irudiwe siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa.