Maswali ya Wasomaji: Bando Linaliwa na Nani?

Ndugu mhariri, nina duka la mabati na misumari hapa Busia, na wateja wangu wengi wananitafuta Facebook. Facebook imefungwa hapa Uganda, kwa hiyo natumia VPN ya bure, yaani programu inayopitisha intaneti yangu kwenye seva ya mbali. Zamani bando la siku lilinifikisha usiku, siku hizi saa nane mchana limekwisha. Jirani yangu ana VPN nyingine, anasema yake haili data. Kuna VPN ya namna hiyo kweli?
*Muuza mabati, Busia*

Hakuna. Jirani yako anatazama video chache kuliko wewe, basi.

VPN hufunga kila pakiti ya data ndani ya bahasha nyingine kabla haijatoka kwenye simu, na uzito wa bahasha unalipa wewe. Uzito wenyewe hutegemea aina. Ile inayoitwa WireGuard huongeza baiti 60 hivi kwenye pakiti iliyojaa, ambayo ina baiti kama 1,400, yaani asilimia 4 tu. Aina nyingine, OpenVPN, ikipita kwa TCP (njia ya kutuma data inayorudia kila kilichopotea) ni mbaya zaidi mahali penye mtandao dhaifu: pakiti ikipotea, bahasha inatumwa upya, na mara nyingine barua iliyomo nayo inatumwa upya. Fungua mipangilio ya VPN yako, tafuta mahali pa kuchagua protokali, yaani aina hizo, weka WireGuard.

Lakini asilimia 4 haiwezi kulitoa bando usiku ikalileta saa nane. Mlaji mkubwa yuko kwingine. Je, unanunua bando la mitandao ya kijamii kwa sababu ni rahisi? Kampuni ya simu hulihesabu kwa kuangalia data inakwenda wapi. Ukiwasha VPN, inaona bomba moja tu lililofungwa, haijui ndani mna Facebook au mna nini, kwa hiyo inakata kwenye bando la kawaida. Kama hilo halipo, inakata airtime kwa bei ya nje ya bando. Mwenye VPN anunue bando la kawaida, hata kama kwa macho ni ghali.

Wa pili ni video zinazojichezea zenyewe. Ndani ya Facebook nenda kwenye mipangilio ya video na picha, uchague zisijicheze kamwe. Au tumia Facebook Lite, inayotosha kabisa kwa kupokea oda za misumari.

Wa tatu ndiye tunayemwogopa: mwenye VPN mwenyewe. Seva zinalipiwa. Kama wewe hulipi, tafuta anayelipa. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, VPN ya bure yenye mamilioni ya watumiaji, ilikuwa inauza njia yao ya intaneti kwa wateja wengine. Maana yake safari za watu usiowajua zilipita kwenye bando lako. Na Onavo, VPN nyingine iliyojitangaza kuwa mlinzi wa data yako, ilinunuliwa na Facebook yenyewe mwaka 2013, ikaitumia kuchungulia watu wanafungua programu zipi, mpaka Apple walipoilazimisha iondoke kwenye duka lao mwaka 2018. Kati ya za bure, tunaona Proton VPN ina hesabu inayoeleweka: haina kikomo cha data, na gharama inabebwa na wateja wanaolipia. Yoyote utakayochagua, iwashe unapoingia Facebook, uizime ukitoka. Kama ina sehemu ya kuchagua programu zitakazopita humo, chagua Facebook peke yake. Ukifungua orodha ya matumizi ya data kwenye simu usishangae kuona VPN inaongoza: katika baadhi ya simu matumizi ya Facebook yanaandikwa kwa jina lake.

Tukumbushane tu jinsi tulivyofika hapa. Tarehe 11 Januari 2021, siku 3 kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti ilizodai zinahusiana na kitengo kimoja cha Wizara ya TEHAMA. Kesho yake mitandao ya kijamii ikafungwa, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa hadi tarehe 18. Mingine ilirudishwa baadaye, Facebook ikabaki nje. Tembo wote wawili wanaendelea kula vizuri: Meta, mwenye Facebook, haijapungukiwa kitu kwa soko letu, na maofisa wa serikali wanaandika X, iliyokuwa Twitter. Anayenunua bando mara mbili kwa siku ni muuza mabati wa Busia.

Wahariri, salamu kutoka Arua. Serikali ilisema OTT, ile kodi ya kila siku ya mitandao ya kijamii, imeondolewa, tukashangilia. Mbona sijaona nafuu? Au tulidanganywa?
*Fundi simu, Arua*

Ilibadilishwa jina na mahali pa kukaa. OTT ilianza tarehe 1 Julai 2018: shilingi 200 kwa siku, ulipe ndipo WhatsApp ifunguke. Tarehe 1 Julai 2021 ikafutwa, ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Huu huuoni kwa sababu umeshachanganywa kwenye bei.

Piga hesabu na sisi. Bando ambalo kampuni ingeliuza 1,000 linapata ushuru wa 12%, linakuwa 1,120. Juu ya hiyo 1,120, siyo juu ya 1,000, inakuja VAT ya 18%. Unalipa 1,321 na ushee. Ukinunua bando la 10,000, shilingi kama 2,430 ni kodi: ushuru 908 na VAT 1,525.

Kama umepata nafuu au hukupata inategemea mfuko wako. Mtu wa bando la 500 kwa siku zamani alitoa 200 za OTT, sasa ushuru wake ni 45 tu. Huyo ameokoka, tuseme ukweli hata kama kodi hatuipendi. Mstari wa kugawanya uko karibu shilingi 2,200 kwa siku: ukinunua zaidi ya hapo kila siku, ushuru mpya unakuzidi ule wa zamani. Fundi simu anayepakua programu za kuflashi (kuweka upya mfumo wa) simu za wateja, zenye GB kadhaa kila moja, yuko upande wa kuumia. Faili moja ipakue mara moja, uiweke kwenye diski ya nje. Programu ya simu ya aina moja haibadiliki kila mteja anapoingia.

OTT ilikuwa na ubaya mwingine usioonekana kwenye hesabu hii: iliwafundisha watu wengi kuweka VPN ya kwanza waliyoiona, ili wasilipe 200. Tumeshasema hapo juu waliwapa nani ufunguo.

Akaunti ya X yenye tiki ya buluu inatangaza kazi za Qatar, inataka milioni moja ya usajili. Tiki si ina maana wamehakikiwa?
*Kijana, Jinja*

Hapana. Tangu Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, tiki ya buluu inauzwa kwa mwezi, ilianza kwa dola 8. Za zamani, zilizotolewa bure kwa kuhakikiwa, zilianza kuondolewa Aprili 2023. Ya kijivu ni ya serikali, ya dhahabu ni ya mashirika. Kampuni ya kupeleka watu kazini nje ichunguze kwenye orodha ya zenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Haimo? Milioni yako ikae.

Mei 2024 intaneti ilisumbua siku kadhaa, tukaambiwa ni nyaya za baharini. Uganda haina bahari. Na mbona video nyingine zilifunguka vizuri?
*Mwalimu, Kasese*

Bahari hatuna, lakini data yetu inaifuata kwa njia ya nchi kavu, nyingi kupitia Kenya hadi Mombasa, nyingine kupitia Tanzania. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, yaani nyaya za baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini. Kwa kawaida data ingegeuka kaskazini, ila huko nako mikongo ya Bahari ya Shamu ilikuwa imeharibika tangu Februari, inaaminika ni kwa nanga ya meli iliyoshambuliwa ikaachwa ielee. Milango miwili, yote ina kasoro.

Video zilizofunguka hazikutoka ng'ambo. Kampuni kubwa huweka nakala za vitu vinavyotazamwa sana kwenye seva za karibu, na mitandao ya hapa hubadilishana data Kampala kwenye kituo cha UIXP, kilichopo tangu 2001. Tovuti ya shule yako iliyo kwenye seva ya Ulaya haikufunguka hata kwa mwalimu aliyekaa mita mia moja kutoka darasani. Kama wasomaji wake ni wa Uganda, iwekeni kwa mwenye seva aliye Kampala.

Shikamooni. Mimi ni mhazini wa kikundi cha akiba Mbale. Mwanachama aliniandikia WhatsApp kwamba amenitumia tarakimu sita kwa bahati mbaya, nimrudishie. Nikampa. Sasa nimetolewa kwenye akaunti yangu, na mtu anawaomba wenzangu laki mbili mbili kwa jina langu. Nifanye nini? Na huyu mwenzangu ni mwizi?
*Mama mhazini, Mbale*

Marahaba, mama. Zile tarakimu sita ndizo ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp, na aliyezipata ameifungua kwenye simu yake. Mwenzako si mwizi, aliibiwa kabla yako kwa njia hiyo hiyo.

Kwanza wapigie wanachama simu ya kawaida. Kisha fungua WhatsApp, andika namba yako, subiri SMS ya tarakimu sita, iingize. Papo hapo mwizi anatolewa. Ukiambiwa usubiri saa kadhaa, ni kwa sababu yeye amejaribu mara nyingi, subiri, usibonyezebonyeze. Ikidaiwa PIN usiyoijua, ameiweka yeye: utangoja siku 7, lakini naye hayumo tena.

Ukirudi, angalia vifaa vilivyounganishwa, ondoa usichokijua. Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwa PIN isiyofanana na ya mobile money. Halafu piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa kwa mtu mwingine, maana matapeli wengine humpigisha mtu namba inayoanza na **21* ili wapokee wao simu ya kuthibitisha. Kufuta yote, piga ##002#.

Aliyekwisha kutuma hela apigie kampuni yake ya simu mara moja akiwa na namba ya muamala: hela ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Kikundi nacho kisingoje. Msimamizi mwingine akutoe leo, akurudishe akishakupigia na kusikia sauti yako.