Pamba haitoshi kwa mashine ya kusaga

Yaya, umeuliza kama pamba inatosha kwa kazi yako ya kwenye mashine ya kusaga unga pale Birere, maana usiku masikio yanakulilia "wiii". Haitoshi. Pamba inapunguza sauti kidogo tu. Na huo mlio, hata ukiisha asubuhi, ni dalili kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio vimechoka. Vikifa, havioti tena.

Kipimo cha haraka: kama lazima upige kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pengine pamefika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 au zaidi. Kwa 85, saa 8 kwa siku ndiyo mwisho. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2.

Tafuta vizibo vya sponji. Wengi wanavipachika tu mlangoni mwa sikio, halafu wanasema havifai! Nawa unga mikononi, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio juu, kisukume ndani, ukishikilie mpaka kivimbe. Ukipata vile vikubwa vya kufunika sikio lote, vizuri pia.

Jumapili usikae karibu na baffle, yaani spika kubwa, za kanisa (pasta atakuelewa). Sikio moja likizima ghafla, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.