Barua kwa mwanangu: kuhusu huo uaskari waliokupa tena

Mwanangu kipenzi, voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikua jikoni nachemsha ming'oko nikaisahau ikakaukiwa maji. Unaniuliza mama wamenipa tena uhusika wa mpelelezi, sizoni ya tatu sasa, nikubali au nikatae, mana huko Dar mpaka makonda wanakuita Afande na unaogopa utaganda hapo hapo.

Unamkumbuka Columbo, yule mpelelezi wa kwenye kipindi cha TV cha Kimarekani? Ulikua mdogo, baba yako Mungu amrehemu alikua na mikanda aliyoachiwa na baharia mmoja pale bandarini, umeme ukiwepo usiku tunaangalia wote hapa Mikindani, we unavaa koti lake linaburuza chini unatuhoji nani kala sukari.

Yule muigizaji ni Peter Falk. Kaanza kumcheza Columbo 1968, kipindi kikatoka 1971 mpaka 1978, kikasimama, kikarudi 1989 na ya mwisho ikatoka 2003. Miaka 35 hiyo baba, lakini ukihesabu sehemu zote ni 69 tu, ndefu ndefu kama sinema. Nyie huko mnarekodi ngapi kwa mwezi? Ile sehemu yako ya msibani mwaka jana niliona kabisa mmeharakishwa, na iliniuma sana.

Afu angalia alivyomjenga. Jicho la kulia lilikua la bandia, alitolewa la kwake akiwa na miaka 3 kwa saratani, na ule mtazamo wa kukunja uso ukawa ndo Columbo mwenyewe. Lile koti la mvua lilikua lake katoka nalo nyumbani, ile Peugeot 403 mbovu kaichagua mwenyewe. Na muuaji si tunamjua tangu mwanzo? Kwahiyo tulikua tunamkalia yeye, tunasubiri afike mlangoni ageuke, eti kuna kakitu kamoja tu nimesahau kuuliza, hapo baba yako anapiga goti, "kamnasa!" Mke wake anamtaja kila siku na hatukumuona hata mara moja, ila mi nilikua namjua yule mwanamke kama jirani yangu.

Kuganda hakuganda. Kabla ya Columbo alishapendekezwa Oscar mara 2, Columbo akampa tuzo 4 za Emmy, zile za televisheni, na kile kipindi kiliposimama kaenda kucheza sinema zingine, 1987 kacheza moja Berlin humo ndani anaigiza kama Peter Falk mwenyewe, vijana wanapita barabarani wanabishana eti yule si Columbo, na yeye yupo tu anaendelea na kazi yake. Kwahiyo hao makonda waache wakuite, mwanangu, wanakupenda.

Mimi nasema kubali. Ila usisaini kabla hujasoma skripti yote, na uwaombe siku za kutosha za kurekodi, hilo usione aibu kulisema. Na huyo afande wako mpe kitu chako wewe, hata ule mkono wako wa kushoto unaouficha kila ukiandika, acha watu wauone.

Lile koti la baba yako lipo sandukuni, jana nimelianika juani, halijaliwa na mende hata kidogo. Nitalituma na basi la Jumatatu pamoja na korosho kilo mbili, nenda kapokee stendi mapema.

Mama yako