Munauliza kama tufanye sawa China, miye niko huku, acha niseme

Yaya mumoja wa Katuba, kule kwetu Lubumbashi mu Kongo, aliniuliza hivi: "Weye mwenye uko China, tuambie kweli, si afadhali batufunge kinywa lakini batupe barabara na kuranti?" Na bengi mulimukubalia. Ninajua ile swali inatoka wapi. Inatoka mu nyumba ya giza, mu mashimo ya barabara, na mu malori ya shaba yenye inapita mbele ya macho yetu kila siku ikienda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Kwa hiyo sitaijibu mbio mbio.

Nianze na bizuri, juu kama ninaficha bizuri hamutaniamini ku bibaya. Huku Guangzhou, muji mukubwa wa kusini ya China, kuranti haikatike. Treni ya mbio kuenda Wuhan, kilometa karibu 1,000, ni masaa ine hivi, njia ilifunguliwa mu 2009, na mama wa soko anapandamo na mifuko yake sawa vile patron anapandamo. Kwetu Lubumbashi mpaka Ilebo, kule Kasai, kwa treni, munajua benyewe namna inachelewa. Banki ya Dunia inahesabu batu karibu milioni 800 benye balitoka mu umasikini mukali kule China tangu mwisho wa miaka ya 1970. Ile si propaganda, ninaiona ku mwenye nyumba wangu, mama muzee, alizaliwa mu kijiji mu miaka ya njaa, leo anapangisha nyumba, batoto yake balisoma bote. Anasema Parti ya Bakomunisti, ile inatawala China, njo ilimupa ile yote, na anasema kwa roho yake yote, hakuna mwenye alimutuma.

Lakini sikilizeni muzuri hapa, juu njo pale tunadanganyana: ile maendeleo haikuanza siku serikali ilikaza mukono, ilianza siku ililegeza. Mu 1978, mu kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, familia 18 baligawana mashamba kwa siri, kila nyumba ilime yake, ilipe sehemu ya serikali na yenye inabaki ikule. Baliweka alama za vidole ku karatasi, na balipatana kama mumoja anafungwa bengine balee batoto yake, juu ilikuwa kosa kubwa. Mavuno ilipanda. Bakubwa badala ya kubafunga baliachilia, na namna ileile ikaenea inchi yote. Mbele ya pale, kutoka 1958 mpaka 1962, ilikuwa Parti ileile, mukono wa chuma uleule, na mamilioni ya batu balikufa na njaa, juu chefu wa kijiji aliogopa kuandika kama mavuno ni kidogo, anaandika ni mingi, na serikali inakuja kubeba ile mingi yenye haiko. Kiisha mu 1980 bakafungua muji wa Shenzhen kwa bafanyabiashara, na mengine munajua.

Si kusema serikali ilitoka mu biashara, hapana. Banki kubwa ni zake, kuranti, treni, simu, petroli, yote yake. Na udongo wa mujini ni wa serikali, mutu ananunua tu haki ya kuutumia kwa miaka fulani. Pale njo feza ya barabara inatokea: bakubwa ba muji banahamisha batu, banauza ile haki kwa benye kujenga majumba, banakopa ku banki ya serikali, banajenga, na mukubwa mwenye muji wake unaendelea mbio anapandishwa cheo. Inafanya kazi kweli. Lakini ule mwenye alihamishwa, muulizeni kama alikuwa na namna ya kukataa.

Kuko bwana mumoja tunapakia naye mizigo mu depo, anatoka jimbo la Guizhou. Eko Guangzhou miaka mingi, lakini kitabu chake cha makao, bale banaita hukou, kiliandikwa kijijini, kwa hiyo mutoto wake anasoma kulekule kijijini kwa babu, juu masomo ya serikali ya mujini inaomba makaratasi yenye yeye hana. Wanaonana ku simu, na ku sikukuu ya mwaka mupya. Jioni moja alinionyesha video ya ule mutoto anasoma shairi darasani, aliirudisha mara nyingi bila kusema kitu, kiisha akainuka, akashika katoni. Patron akichelewesha mushahara, sendika ni moja tu, ile ya serikali, na haki ya kugoma baliitoa mu Katiba mu 1982. Ile majumba mirefu munapenda ku picha, ni batu sawa huyu njo balijenga.

Kwangu mugeni ni nyepesi kidogo lakini unaisikia. Kuhama nyumba, mu masaa 24 uko polisi unajiandikisha. Laini ya simu, pasipoti na sura yako ku kamera. WhatsApp ilifungwa, mama yangu kule Lubumbashi, komine ya Kenya, alijifunza WeChat, ile ya Bachina, ku uzee, na tukiongea ninachagua maneno. Mu mwezi wa ine 2020, wakati wa korona, Baafrika bengi ba Guangzhou balitolewa mu nyumba zao, mwenye nyumba wangu wa wakati ule alinitoa miye pia usiku na mufuko mumoja, nilikuwa nimelipa. Nani nitamulalamikia? Jirani yangu Muchina, mwenye roho nzuri kabisa, alinipa chai na mikate, lakini nilipouliza nani alitoa ile amri akaniuliza kama nimekula.

Na bei ya kufungwa kinywa si ya bamasikini tu. Daktari Li Wenliang wa Wuhan aliambia benzake juu ya ugonjwa mupya, polisi ikamuita asaini kama alisema uongo, mu Februari 2020 akakufa na ugonjwa uleule. Mu 2023 hesabu ya bavijana ba mujini bila kazi ilifika asilimia 21.3, kiisha serikali ikasimamisha kuitangaza kwa miezi, na iliporudi ilikuwa inahesabiwa kwa namna ingine. Ule kijana bila kazi bado eko pale, hesabu yake njo ilipotea.

Sasa yaya, tunyamaze juu tupate barabara? Tulishanyamaza! Mobutu alichukua Union Minière, kampuni ya shaba ya Babeleji, mu 1967, ikakuwa Gécamines, ya serikali, na bazee betu balikula mposho, ile chakula ya kampuni, balisomesha batoto ku masomo ya kampuni, balitibiwa ku hospitali ya kampuni, ilikuwa baba na mama. Parti ilikuwa moja, hakuna mwenye aliuliza feza ya shaba inaenda wapi. Mu miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, mu 1994 ilikuwa karibu 30,000. Mu mwezi wa tano 1990 banafunzi baliuawa ku campus ya Lubumbashi. Uhuru hatukuwa nao, mashine ikaoza vilevile. Na juzi juzi, mu 2015 na ku uchaguzi wa 2018 balitukatia intaneti, treni gani ilikuja juu ya ile?

Tazameni mukataba wa Sicomines wa 2008, wa serikali yetu na bakampuni ba China, shaba kwa barabara. Ahadi ya barabara na bingine, kiisha kuirekebisha mu 2009, ilikuwa dola miliari 3. Mu 2023 bakaguzi ba serikali yetu benyewe baliandika kama bitu bilivyojengwa mu miaka ile yote ni bya dola milioni 822 tu, na balisema mbele ya batu, redio ikasoma, batu bakakasirika. Mukataba ukafunguliwa tena, na mu mwezi wa tatu 2024 balikubaliana mpaka dola miliari 7, hasa juu ya barabara. Kilometa ngapi iko ya Katanga mu ile 7, na nani anaijenga, na lini? Munaweza kuuliza, ku redio, ku kanisa, ku mbunge, huku miye siwezi kuuliza kitu sawa ile. Muulize sasa hivi, na mukipata jibu munitumie.