Jibu: Bango la enameli la Wall's ni la zamani au ni nakala?
Habari ndugu. Umeuliza kama bango lako lenye maneno "Stop Me and Buy One" (Nisimamishe ununue moja), ya baiskeli za magurudumu matatu zilizouza aiskrimu ya Wall's Uingereza tangu miaka ya 1920, ni la zamani kweli. Anza na matundu ya skrubu, ambako bango hugongwa zaidi: enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 za Selsiasi hivi, kwa hiyo penye pigo hubanduka vipande na kuacha chuma cheusi, ilhali bati lililopakwa rangi hukwaruzika tu. Kisha pitisha kidole kwenye mipaka ya herufi uhisi kama pana kingo, kwa kuwa rangi zilichomwa tabaka kwa tabaka. Kutu pekee siihesabu kuwa ushahidi. Wapo wanaoitengeneza kwa maji ya chumvi. Bei siwezi kuikadiria kabla ya kuona picha ya upande wa nyuma wa bango.